Gari Lisilonguruma

Banepa, 12 Bhadau (kwenu huko Japani ni 28 Agosti)

Kwako Kanchhi, kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Baridi ya huko imeanza au bado? Sisi wazima. Mama yako mzima, na nyati wa jirani anayetupa maziwa naye mzima. Mvua tu ndiyo haijatuachia.

Nakuandikia kwa sababu simu za siku hizi zinakwaruza, sielewani nazo. Habari kubwa ni kwamba kigari chetu cha mizigo kimekata roho. Kimetufia pale Janagal asubuhi, na vyungu arobaini vya mtindi ndani. Mama yako alivihamishia kwenye basi kimoja kimoja huku konda akifoka. Fundi alikitazama, akatikisa kichwa, kisha akaniomba taa za mbele akazitumie kwingine. Hapo nikajua hakuna tena.

Mama yako ananiambia umesema kwenye simu utatununulia kingine. Ubarikiwe mwanangu. Basi nisikilize ninachotaka, na usicheke. Nataka gari la spoti. Suyog, mtoto wa rafiki yangu mwenye hoteli, analo moja jekundu, la milango miwili, limeinama chini kama paka anayevizia. Anahamia nje, analiuza. Juzi nililiwasha. Kanchhi wee! Lile gari linaongea. Miaka thelathini na minne nimeendesha lori kutoka Birgunj mpaka huku, na injini nimeijulia hali kwa sikio. Najua imechoka, najua inataka gia, najua imeshiba.

Na hayo magari ya umeme usinitajie. Lile ni friji lenye matairi. Utajuaje kama liko hai?

Mama yako anasema ule vizuri.

Mimi,
Baba yako


Hamamatsu, 2 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakugusa miguu kwa mbali. Mimi mzima, kazi inaendelea, bado tunashona viti vya magari kutwa nzima na vidole vimejaa alama za sindano. Pole kwa kigari. Nilikipenda, kilinipeleka shule.

Nimecheka baba, nisamehe. Una miaka sitini na saba. Mama ana goti bovu. Kila siku mnatoka Banepa mpaka dukani Koteshwor na kurudi, foleni ya Thimi humo humo, na vyungu arobaini visivyotaka kutikiswa hata kidogo. Gari la spoti ni gari la Jumamosi, siku ya mapumziko. Wewe unatafuta gari la hizo siku sita nyingine!

Sisemi ni baya. Viti vyake tunavishona hapa, navijua, vinakukumbatia. Likiona barabara tupu linaruka. Lakini hiyo barabara tupu utaipata wapi? La umeme utalichomeka nyumbani kama simu, asubuhi limejaa. Kwenye foleni halinywi kitu. Halina klachi ya kukuua mguu. Ubaya wake upo pia, sikufichi: betri huchoka baada ya miaka, na ukitaka kwenda Birgunj lazima ujue utachaji wapi. Lakini wewe Birgunj huendi tena.

Tusibishane. Muombe Suyog gari lake wiki moja. Halafu binamu Nhuchhe akuazime lile lake la umeme wiki nyingine. Vyungu ndivyo vitakavyoamua.

Na jambo moja dogo. Simu mnayotumia ni moja, wewe na mama. Mbona kwa mama haikwaruzi?

Mtoto wako,
Kanchhi


Banepa, 30 Bhadau

Kanchhi wangu,

Hujambo mwanangu? Afya? Umepata yale mapera makavu tuliyotuma? Sisi tunaendelea.

Wiki ya Suyog imekwisha, na nitakuambia kweli yote ingawa inaniumiza. Siku ya kwanza tulipandisha kilima cha Sanga kwa gia ya tatu, ngurumo inanipanda kutoka kwenye kiti mpaka kifuani, watoto wa shule wanapunga mikono. Nilikuwa kijana, Kanchhi. Kwa dakika sita nilikuwa kijana kabisa.

Halafu tukaanza matuta. Kila tuta gari linasugua tumbo, krrr, na mimi nafumba macho. Nyuma hakuna mlango, kwa hiyo vyungu vinapitishwa juu ya kiti cha mbele, na mama yako anapakata saba. Tulipofika Koteshwor vyungu kumi na kimoja vilikuwa uji. Mama yako kuingia aliingia, ila kutoka ilibidi muuza nanasi amvute mkono huu na mimi huu, watu wanatazama kama sinema. Na petroli, gari hilo linaipiga kama mlevi wa harusini.

Lakini bado nalitaka. Najua si akili. Nalitaka.

Mama yako amenuna. Wiki nzima, kutoka Banepa mpaka dukani, hakunena neno hata moja. Anatazama dirishani tu. Nadhani ni ile aibu ya kuvutwa.

Mimi,
Baba yako


Hamamatsu, 19 Septemba

Baba,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Nilimpigia mama kumuuliza kwa nini amenuna. Baba, alilia. Anasema amekuwa akikusemesha njia nzima, kila siku, na si wiki hii tu. Alikuambia paka wa jirani kazaa kwenye chekeche letu. Alikuambia dada yake anaumwa. Alikuuliza kama unataka chai pale Suryabinayak. Hujibu. Anasema yapata miaka miwili sasa humjibu mkiwa garini, na nyumbani unamjibu nusu nusu. Akaniambia, "Labda amenichoka, Kanchhi. Miaka arobaini na moja ni mingi." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu aliyekwishazoea.

Baba, hujamchoka mama. Mimi nakujua. Husikii.

Usikasirike. Masikio yaliyokaa juu ya injini ya lori miaka thelathini na minne, ungetaka yabaki mazima? Nenda ukapimwe. Nakuomba, mwambie mama. Asiendelee kufikiri hivyo hata siku moja zaidi.

Nakupenda sana.
Kanchhi


Hamamatsu, 6 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Hujaniandikia siku kumi na saba. Kwa mama nikipiga ananiambia tu, "Yupo, muache kwanza." Umenikasirikia? Kama nimekukosea adabu, nitupie maneno, nitayapokea yote. Ila usininyamazie.

Heri ya sikukuu ya Dashain. Mwaka huu tena sitakuwepo kupakwa tika ya baraka kwenye paji la uso na mkono wako.

Mtoto wako,
Kanchhi


Banepa, 28 Asoj

Kanchhi, macho yangu,

Marahaba, marahaba, marahaba, hiyo ni ya barua zako zote. Hujambo? Sijakukasirikia. Nilikuwa na aibu. Mtu mzima akiona aibu hana pa kujificha, basi nilijificha kwenye kupaka rangi geti.

Ni kweli sisikii. Nilijua. Sikio la kushoto liliondoka zamani nikiwa bado kwenye lori, la kulia likaanza kulifuata. Nilikuwa naitikia kwa kutazama midomo, na ukiwa unaendesha huwezi kutazama midomo ya mtu. Kilichokuwa bado kinanifikia ni ngurumo ya injini tu, nayo naipata kwa viganja na mgongo. Ndiyo maana nilitaka lile gari, mwanangu. Niliogopa. Nilidhani nikikaa kwenye gari la kimya nitakuwa nimekwisha kabisa.

Barua yako niliisoma mara nne. Mara ya nne nilimsomea mama yako kwa sauti. Alinipiga bega na mwiko, kisha akaenda kuvaa viatu tukamtafute daktari wa masikio siku hiyo hiyo.

Nimepewa kidude cha kuweka sikioni. Nilikuwa nacho nikimrudishia Suyog gari, maana nilikuwa bado nimeling'ang'ania. Ole wangu! Ile ngurumo niliyoipenda ilinijaa kichwani kama ngoma kumi. Mama yako alikuwa anafungua mdomo na kufunga, na mimi napata injini tu. Nilikivua. Nikasema basi, nimezeeka, yaishe.

Nhuchhe akaleta gari lake la umeme mkesha wa siku ya tisa ya Dashain. Siku ya tisa yenyewe, si unajua, kila mwenye chombo anakipamba. Nimeoga, nimevaa kofia yangu, nina shada la maua, unga mwekundu, mchele na yai la bata la injini. Majirani wote wamesimama. Nikafungua boneti. Kanchhi, hakuna injini! Kuna kisanduku kitupu kama cha kuwekea viatu. Nikabaki nimeshika yai. Naapa mwaka wa thelathini na ngapi huu nabariki injini, na sasa sijui nimpake nani. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mwishowe nikavipaka tika vyungu viwili, tukaviweka humo kwenye kisanduku, gari likapata roho yake. Yai alilikaanga.

Juzi ndiyo tulikwenda nalo dukani mara ya kwanza. Niliweka kidude sikioni kwa sababu yeye aliniamuru. Gari liliondoka bila kuaga. Mbwa wa hapa njiani hawalisikii, itabidi niwe mwangalifu. Sanga tuliipanda bila gia, bila kuhema, na kwenye mteremko wa upande wa pili betri inajijaza yenyewe. Ningelijua hilo enzi za lori ningekwenda Birgunj kwa kuteremka tu. Na vyungu? Arobaini vilitoka, arobaini vilifika.

Lakini si hicho nilichotaka kukuambia.

Pale juu, kwenye kona kabla ya mteremko, nilisikia mtu anasema polepole, "Mawingu yameondoka. Leo milima inaonekana." Nikajibu, "Naam, na theluji imeongezeka." Akageuka kunitazama.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Sikukuambia wewe. Nilikuwa najisemea. Nimezoea kujisemea."

Nikamwambia, "Basi sasa niambie mimi." Akavuta shali usoni akalia, na mimi nikalia, Kanchhi, nikiendesha, huku lori linanipigia honi nyuma nami nalisikia.

Akaanza kuniambia. Tulipofika Koteshwor wateja walikuwa wamesimama mlangoni wanangojea mtindi. Sikusimama. Niliwapungia mkono nikapita, nikaingia Barabara ya Mzunguko, nikauzunguka mji mzima mpaka nikarudi pale pale, na alikuwa bado hajamaliza. Nikataka kuzunguka tena, akanikataza, mtindi utaharibika.

Suyog amempata mnunuzi. Nililisikia likipita jana, nikalipigia saluti.

Wewe nunua la umeme, rangi yoyote, ila kama kuna jekundu usisahau baba yako ni nani. Na chagua lenye betri kubwa. Mama yako ananisimulia yote aliyoniambia nikiwa sisikii, tangu mwanzo, bila kuruka siku. Jana jioni ndiyo kwanza tumefika mwezi wa Kartik wa mwaka juzi.

Mimi,
Baba yako