Waya Uliokatwa Nimeuunga Tena

Baba,

Uji uko jikoni, umefunikwa. Dawa ya presha umeze kabla ya kula, si baada. Mashua usiitafute. Abiria wa asubuhi nimekwenda kuwavusha mimi.

Ule waya ulioukata kwenye swichi ya usalama nimeuunga tena. Leo alfajiri umenifokea kwamba tangu uukate, injini haizimiki ovyo. Ni kweli, haizimiki. Haikuzimika hata Jumanne ulipoteleza ukaanguka majini, mashua ikakuzunguka mara tatu huku unapiga mbizi kuikwepa propela.

Sasa kamba ya swichi ikichomoka, injini inazimika papo hapo. Nimejaribu mara kumi na moja, imezimika mara kumi na moja. Na kamba yenyewe inavaliwa mkononi, haifungwi kwenye usukani. Eti, "Mimi si mbuzi wa kufungwa kamba." Mbuzi hana ubishi kama wako, Baba.

~~Nisamehe kwa kupaza sauti.~~ Hapana. Niliipaza na sijutii.

Mama, akikuomba koleo, mwambie halimo ndani. Hutakuwa umesema uongo, ninalo mimi.

Baba, safari ya saa nane mchana ni yako. Njoo gatini, nitakuvisha kamba kwa mkono wangu mbele ya abiria, wacheke wakitaka. Ukikataa kuivaa, naendesha mimi. Kesho pia, na keshokutwa, mpaka useme ndiyo.

Kifungua mimba wako