Bafta ya Shangazi Melini

Jumamosi, masika. Mvua tangu alfajiri, na Kariakoo yote ni tope. Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa wilaya, alituahidi mfereji mwaka jana. Hadi leo tunaruka madimbwi kama vyura. Cherehani nimeifunika. Sina hamu ya kushona.

Nina aibu.

Juzi Shangazi Mwanaidi alinituma nimnunulie bafta ya sanda yake. Si mgonjwa. Ndivyo walivyo wazee wetu, huweka sanda sandukuni mapema ili wasije wakazikwa kwa mchango wa watu. Alinituma mimi kwa kuwa ni fundi, naijua nguo. Jana alasiri nikainunua dukani kwa Mhindi, nyeupe, nzito, ikafungwa vizuri kwa karatasi.

Hapo ningerudi nyumbani. Lakini Saidi, mpishi wa ile meli ya abiria iliyotia nanga bandarini, alikuwa ameniitia kazi ya viraka vya suruali za mabaharia. Nikapanda mashua, bafta kwapani. Juu Wazungu walikuwa wakicheza kamari kwa muziki na bilauri. Chini, karibu na jiko, mabaharia nao walikuwa na karata zao juu ya kasha. Nilipomaliza viraka, Saidi akasema, "Kaa, fundi. Mara moja tu."

Mara moja! Nani aliyewahi kucheza kamari mara moja?

Ujira wa viraka ukaenda. Kofia yangu ikafuata. Kisha nikaweka bafta.

Nilijiambia sanda si sanda mpaka imfunike maiti. Kwa sasa ni nguo tu, kama nguo nyingine. Watu humsingizia shetani, lakini maneno hayo niliyatunga mwenyewe.

Nikaliwa.

Aliyenila, baharia mmoja mrefu, akaifungua palepale, akajizungushia mwilini, akatembea kwa maringo kati ya masufuria. "Hii kanzu inatoka, na kilemba juu!" Wote wakacheka.

Na mimi nikacheka.

Baadaye nikaweka mkasi wangu, ule niliorithi kwa baba, na safari hiyo nikala mimi. Bafta ikarudi. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Nilimshukuru Mungu kwa kamari! Nikateremka mashuani kichwa wazi, kofia nimeiacha hukohuko.

Leo asubuhi nimempelekea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akaipapasa, akainusa. "Mbona inanuka tumbaku?"

"Labda ya dukani."

Nimemsingizia Mhindi wa watu, ambaye hata ugoro hagusi. Shangazi alitia udi kwenye chetezo, akaifukiza taratibu, kila upande, huku akisoma dua. Kisha akasema, "Siku yangu ikifika, uikate wewe. Hao wengine watanipunja."

Nikasema inshallah. Sikuweza kumtazama.

Kesho, inyeshe isinyeshe, nitakwenda kwake. Nitamwambia nilipita wapi na nilifanya nini, na nitamnunulia bafta nyingine hata kama itabidi nishone viraka mpaka masika yaishe. Kamari atanisamehe, akishanitukana vya kutosha. Namjua.

Lakini akiniuliza yule baharia alipovaa sanda yake na kutembea nayo, mimi nilikuwa nafanya nini, nitamjibu nini?