Kamba ya Ng'ombe

Githongo, Jumatano

Mwanangu Salesio,

Nakuandikia kwa sababu simu ni moja hapa nyumbani na anayeishika ni baba yako. Kajuju wa jirani anakuja huko Embu kesho, atakupa barua hii mkononi.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Kahawa imeiva vizuri. Ule mtambo wa gesi ya samadi uliotujengea umetupikia mwaka mzima bila kuni, ila sasa moto umekuwa mdogo kama wa mshumaa. Baba yako alimwaga humo maganda ya kahawa, eti gesi iongezeke, na yameuziba. Akina mama wa kanisa wanakuja Jumapili kuuona huo moto, naye hataki aibu. Anasema Jumamosi atashuka ndani ya tangi ayatoe kwa jembe.

Unamkumbuka Njoka wa Kianjai, aliyekuwa na mtambo kama wetu? Alishuka hivyo hivyo, ile hewa mbaya ikamuua. Ndugu yake alimfuata kumwokoa. Tuliwazika siku moja.

Baba yako alikuwa ametayarisha kamba ya ng'ombe ajifunge kiunoni. Nikaificha, nikidhani ataacha. Jana akasema atashuka bila kamba. Alicheka, akasema hata akibaki huko, jina lake tayari liko kwa mtoto wako.

Mlete huyo Gitobu mdogo Ijumaa. Umwambie amshike babu yake mkono na asiuachilie.

Usipige simu. Akijua nimekwambia, atashuka siku hiyo hiyo.

Mama yako,
Ciakuthii