Mgongo Nisioufikia

Mpendwa mke wangu, Mama Paulina,

Upepo wa Julai umerudi hapa Ganako, na huu ni wa pili tangu tukuzike. Ngozi imepauka, midomo imepasuka, na hakuna wa kunigombeza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinikamata mlangoni nikitoka kuoga? Hukuniacha nijifute nikauke. "Paka ngozi ikiwa na maji bado, Baba Paulina! Ukishakauka unapaka vumbi." Nami nikilalamika kwamba mimi ni mwanaume, si mtoto wa kupelekwa kliniki. Ulicheka tu, ukaendelea na mgongo mpaka kiunoni, kwa samli kidogo uliyoiyeyusha viganjani. Losheni za dukani ulizidharau, ukasema zinanukia vizuri na kazi hazifanyi.

Nikuambie leo nilichokunyima ukiwa hai: mambo yako yanafanya kazi. Yote. Jumamosi Paulina wetu anaolewa, na mimi ndiye nitakayemshika mkono kuingia kanisani. Sikutaka wakwe waone baba mwenye magaga. Kwa hiyo wiki mbili sasa naloweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, nasugua visigino kwa lile jiwe lako jeusi lenye vitundu, napaka mafuta ya mgando, navaa soksi, nalala. Midomo naipaka asali, ingawa nusu naimeza. Visigino vimelainika, mke wangu. Natamani ungeviona.

Mgongo ndio umenishinda. Nimejaribu mkono wa kulia, wa kushoto, hata mwiko, nikajiona mjinga. Mwishowe nikapaka samli kwenye mwimo wa mlango wa chumbani, nikaegemea na kujisugua kama ng'ombe kwenye nguzo ya zizi.

Juzi Paulina akaliona doa la samli kwenye mwimo. "Baba, hapa pamefanyaje?" Nikasingizia watoto wa jirani. Akalitazama doa, akanitazama mabega. "Watoto gani warefu hivyo?" Nilidhani atacheka. Badala yake akasema polepole, "Baba, kaa nikupake." Nikakataa kwa ukali ambao hakustahili. Unajua mwenyewe, mgongo wa baba si kazi ya binti. Akaenda jikoni, nikamsikia akipangusa pua. Naona aibu kwa ile sauti niliyomtolea, na bado sijamwomba radhi.

Nitamwomba kabla ya Jumamosi, nakuahidi. Baada ya hapo ataondoka na mumewe kwenda Sale, na nyumba itabaki na mimi peke yangu. Nimekukumbuka sana, Mama Paulina. Sikujua kwamba upweke una mahali pake mwilini, hapa katikati ya mgongo.

Pumzika salama. Mimi kila asubuhi nikitoka kuoga sijifuti. Nasimama pale mlangoni na maji mwilini, nasubiri kidogo kwa mazoea, mpaka baridi inishike. Kisha naupaka samli mwimo wa mlango.

Ni mimi mume wako,
Baba Paulina