Loki ya Difu ya Katikati

Mwanangu,

Mimi mzima, mama yako bado ni wa kitandani.

Mumeo kanipigia simu, eti loki niliyofunga kwenye difu ya katikati imemharibia gari, usukani mgumu, matairi yanalia kwenye kona. Mimi huyu, niliyefungua difu yeye hajaota meno! Nilimwambia, "Mkwe, loki inalazimisha magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja, ni ya tope. Ukifika lami, itoe." Akanijibu, "Sawa mzee, nimesikia," kisha akazunguka nayo mjini wiki nzima. Sasa kaapa gari lake halikanyagi tena kwangu.

Mwambie abonyeze swichi tu, loki itatoka. Niliifunga kwa sababu mlisema tope la huku ndilo linawazuia kuja. Mama yako akiuliza, namwambia njia bado mbaya. Mvua ilikatika mwezi uliopita.

Ni mimi baba yako, fundi.