Bahati ya Kwenda Yugoslavia

Jumatatu, 9 Agosti 1993. Kiptere.

Nimekamua, nimefagia, nimepika chai ya watu kumi, na jua bado halijafika kwenye mabati ya jirani. Mkono umechoka kwa salamu kuliko kwa kazi. Acha niandike ukweli. Mungu alipokuwa akigawa bahati, wengine aliwapimia kwa kijiko, mimi akanipimia kwa debe. Kambi nzima ya jeshi imejaa madereva. Wengine wamezeeka kwenye usukani, wengine wanamwaga Kizungu kama maji. Na jina lililotoka ni la bwana yangu. Koplo Kiprono, baba ya mtoto wangu Cheruto. Anaenda Yugoslavia kutunza amani. Atavaa kofia ya samawati na kuendesha gari jeupe. Kutoka hapa mpaka Sosiot, nionyesheni mwanamke ambaye bwana yake amekanyaga theluji.

Tulifika jana kuaga nyumbani. Likizo yake inaisha Jumapili. Mimi na mtoto tutabaki hapa na Mama mpaka arudi.

Wageni tangu asubuhi. Nimewaeleza theluji. Nimesema ni barafu kama ile ya friji ya mesi ya maofisa, ila hii inamwagwa na mbingu bila bili ya stima. Mmoja alicheka mpaka akamwaga chai. Nikasema pia wazungu wa huko wakiona ugali wanalia kwa furaha. Hiyo nilitunga.

Mama hakucheka. Ni mama mkwe, lakini tangu niolewe sijamwita kitu kingine. Aliuliza jambo moja tu, polepole, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Nani alimchagua Kiprono?

Nikamjibu, "Ni bahati tu, Mama. Majina yalitoka, na lake likawamo."

Baba Cheruto alikuwa ameketi mlangoni. Aliangalia ndani ya kikombe kana kwamba kuna inzi.

Jumanne, 10 Agosti.

Tumechuna majani chai tangu umande. Mimi, Mama na Chepkemoi, mke wa shemeji yangu. Maisha ya kambi yamenilainisha vidole. Kikapu cha Chepkemoi kimejaa, changu bado kinaonyesha sakafu.

"Mama Soja," akaniita, "unachuna ama unasalimia majani?"

"Nayasalimia. Kwa Kizungu. Wewe endelea tu na kazi."

Tukacheka. Mama alikuwa mbele yetu, peke yake kwenye mstari wake. Mikono inachuna, mdomo unatembea bila sauti. Nilidhani anaomba.

Huyu Chepkemoi ndiye mwanzo wa mambo yote na hata hajui. Krismasi tulikuja nyumbani, nikakuta bwana yake amemletea ng'ombe wa gredi, mweusi na mweupe, maziwa hayaishi. Kila mgeni anapelekwa kumwona yule ng'ombe kama anapelekwa kwa askofu. Mimi nilikuwa na nini? Kitenge na habari za kambi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema sisi hatununui ng'ombe mwaka huu kwa sababu Baba Cheruto anaenda Ulaya na jeshi.

Hakuwa anaenda popote.

Chepkemoi ni redio isiyohitaji betri. Jumapili iliyofuata tuko kanisani, mchungaji anamwita Kiprono mbele. Kanisa lote likanyoosha mikono na kumwombea safari ya ng'ambo. Nilimwona kisogo. Hakugeuka. Alisimama wima kama yuko gwarideni, wakamwombea mpaka mwisho, akasema amina. Nyumbani hakuniuliza kitu. Angenigombeza ningefanya mzaha, yangeisha.

Tuliporudi kambini akaenda ofisini kuuliza kama madereva wanahitajika. Kuuliza si kosa. Wangeweza kukataa. Hawakukataa. Kwa hiyo bado ni bahati, ukiangalia vizuri.

Jumatano, 11 Agosti.

Mvua ya mawe mchana. Majani yametoboka kama yamepigwa risasi. Sipendi jinsi nimeandika hiyo, lakini nimeshaandika.

Redio ilitaja Yugoslavia. Makombora, watu wamejificha kwenye vyumba vya chini, magari yamezuiwa barabarani. Magari meupe. Mama aliinuka, akatoa betri, akazitia mfukoni mwa aproni.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Hakikuja.

Alhamisi, 12 Agosti.

Baba Cheruto hajakaa chini tangu tufike. Amepasua kuni mpaka ukuta wa jikoni hauonekani. Amebadilisha nguzo za boma la ng'ombe. Amepanda juu kuziba mabati yanayovuja. Leo amemwonyesha mama yake mahali alipoweka misumari iliyobaki. Mtu anayetarajia kurudi hamwonyeshi mama yake misumari.

Jioni nilimpelekea maziwa pale kwenye ua. Nikamuuliza kama anaogopa.

"Kidogo," akasema.

Huyu mwanaume hajawahi kuniambia hata kama jino linauma.

Nikasema anaweza kwenda kwa daktari wa jeshi, aseme mgongo. Nikasema mimi nitajua la kuwaambia watu. Mimi na mdomo wangu.

"Wacha, Mama Cheruto. Ulisema naenda, kanisa likaomba, mimi nikasema amina. Sasa naenda."

Hakusema kwa hasira. Alikunywa maziwa yote, akapangusa mdomo, akarudisha kikombe. Nilienda nyuma ya jikoni nikakaa juu ya zile kuni. Nimekuwa mtu mbaya. Nimeandika hivyo na hakuna aliyenilazimisha.

Ijumaa, 13 Agosti.

Soko. Mama Atieno wa samaki, mwanamke wa kule ziwani, alinipigia kelele kutoka mbali: "Kuja hapa, mke wa Ulaya! Leo hakuna omena, wewe sasa ni wa samaki mkubwa." Watu wakageuka. Kawaida hapo ndipo ninapoishi. Ningemjibu, naye angenijibu, soko lingesimama.

Nilinunua omena nikaenda zangu. Nilimsikia nyuma akimuuliza mwenzake kama mimi ni mgonjwa.

Jumamosi, 14 Agosti.

Leo ilikuwa baraka ya safari. Ngoja niandike.

Aliyeongoza ni Mzee arap Koech, kaka ya marehemu baba mkwe. Ni mzee wa kanisa. Aliomba kwanza kwa Yesu, akavaa kofia tena, ndipo tukaingia kwa mambo ya nyumbani. Kwetu msafiri ananyunyiziwa maziwa kutoka kwenye kibuyu. Mzee anaanza, wengine wanafuata, mama mzazi anamaliza. Ya mama ndiyo hasa. Lakini kabla ya maziwa, kila mtu mwenye neno juu ya ile safari lazima alitoe. Hasira, wivu, manung'uniko, chochote. Baraka ikiwekwa juu ya neno lililofichwa haishiki. Hilo nimelijua tangu nikiwa mtoto.

"Mtu yuko na neno, aseme sasa," mzee akasema. "Asingoje kijana afike kwa wazungu ndiyo aanze kukohoa."

Shemeji akasema Kiprono alimvunjia jembe zamani na hajalipa. Watu wakacheka. Chepkemoi akasema hana neno, ila aletewe koti.

Nikafikiwa. Nilisimama. Nilikuwa nalo hapa kooni, zima. Nikaona nyuso zote zimeshaanza kutabasamu, zinangoja mzaha wa Mama Soja. Nikawapa.

"Neno langu ni moja. Akirudi na mzungu, huyo mzungu atalala na kuku."

Wakacheka sana. Hata mzee. Nikakaa. Nafasi yangu nikaitumia kwa kuku.

Kisha Mama akasimama. Hakuna aliyetegemea.

"Mimi niko na neno," akasema. "Tangu nisikie habari hii, kila asubuhi nikiwa kwa majani chai, namlaani mtu aliyemtuma mtoto wangu. Simjui jina. Nasema tu, yeye aliyemtoa Kiprono mkononi mwangu, na chake kimtoke mkononi hivyo hivyo."

Laana ya mama aliyezaa si mchezo, hata kwa sisi wa kanisa.

"Mama Kiprono," mzee akasema, "ondoa hilo neno. Huyo mkubwa wa jeshi naye ni mtoto wa mtu."

"Siondoi."

Nikajikuta nimemshika Cheruto mkono. Nilimshika kwa nguvu mpaka akalalamika. Ulimi wangu, huu ambao haujawahi kulala hata nikiwa na malaria, ulikauka kama ngozi ya ngoma. Baba Cheruto aliniangalia. Mara moja tu. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, hakuna mkubwa aliyenituma. Niliomba mwenyewe."

"Uliomba?"

"Niliomba."

"Baba yako amelala hapo nje, mimi niko na magoti haya, na wewe ukaenda ukaomba kuniacha."

Mzee akasema haraka kwamba mama hawezi kulaani tumbo lake mwenyewe, basi neno limekwisha, tuendelee. Mama hakusema limekwisha. Kibuyu kikaanza kuzunguka. Mzee akanyunyiza. Shemeji akanyunyiza. Nami nikanyunyiza, kwa mkono huu. Kilipofika kwa Mama, alikipokea, akakishika kidogo, akampa mzee arudishe kifuniko.

Hakunyunyiza.

Kijana anaenda vitani bila maziwa ya mama yake, na mimi niko hai, niliketi pale, nikanyamaza.

Jumapili, 15 Agosti.

Ameondoka asubuhi. Alisimama mlango wa jikoni kumuaga Mama. Mama alikuwa anapuliza moto. Akasema, "Haya, enda," bila kugeuka.

Nilimsindikiza mpaka barabara ya lami. Nilimwambia nitasema ukweli. Akasema nisiseme. Ati yeye anaenda mbali, mimi ndiye nitakayekula na Mama kwenye sufuria moja, ni heri yeye achukiwe. Nikakubali. Nilikubali haraka mno. Hilo nitalikumbuka kuliko kofia yake ikishuka ule mteremko.

Jumatatu, 16 Agosti.

Mama anaongea na Cheruto na ng'ombe. Mimi ananiambia "chumvi" na "maji."

Anadhani nimeachwa kama yeye alivyoachwa. Chakula cha mchana aliniwekea nyama kubwa. Sikuweza kuimeza.

Jumatano, 18 Agosti.

Naye akifa huko? Najiuliza hivyo nikifua, nikipika, nikimsuka mtoto nywele. Atakuwa amekufa akijua mama yake alikataa. Na Mama atakaa miaka yote akijua alikataa. Na kati yao niko mimi na kuku wangu.

Ijumaa, 20 Agosti.

Asubuhi njema, baridi kidogo. Majani yamechipua tena baada ya ile mvua ya mawe.

Tulikuwa wawili shambani. Chepkemoi alikuwa amepeleka kikapu kwenye kituo cha majani chai kupimiwa. Nilimwambia Mama pale pale, katikati ya mistari, mikono yangu ikiendelea kuchuna kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuisimamisha. Nilimweleza ng'ombe wa gredi, Krismasi, kanisa. Nilimwambia kwamba Kiprono hakutaka kumwacha. Nilimwambia, lile neno lako, Mama, la kumlaani aliyemtuma, mwenyewe ni mimi.

Sikutia mzaha hata mmoja.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alishusha kikapu mgongoni, akakiweka chini vizuri kisimwagike, akapanda kuelekea nyumbani. Nilidhani nimefukuzwa. Nikabaki nimesimama.

Akatoka na kibuyu. Akapita karibu nami bila kuniangalia, akaenda mpaka mwisho wa shamba, pale unapoona barabara ikishuka. Akamimina maziwa kiganjani. Akanyunyiza kule barabara inakoelekea, mara nyingi, mpaka mkono ukachoka. Alisema maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akarudi, akabeba kikapu, akaendelea kuchuna alipoachia.

Kama ameliondoa lile neno, hakuniambia. Sikuuliza. Mchana alinipakulia kama kawaida. Nyama ilikuwa ndogo. Nilikula yote.

Sasa mvua inakuja, nimeanua nguo, Cheruto amelala. Nimesoma niliyoandika Jumatatu ile ya kwanza, mambo ya debe na kijiko. Uongo. Hakuna bahati iliyomchagua. Tuliporudi kambini baada ya Krismasi nilimwambia aende aombe, akakataa. Nikaacha kumsemesha, nikampikia na kumwekea chakula mezani bila neno, mpaka alipokwenda. Ni mimi niliyemtuma.