Mama Mwenda, Wananitaka Nitangaze Mpira Nisiouona

Mpendwa Mama Mwenda,

Huko uliko sijui kama redio zinashika. Kama zinashika, basi Jumamosi iliyopita ulisikia yaliyonipata na najua ulisonya. Kama hazishiki, afadhali, nitakueleza mwenyewe. Naandika barua hii wazi, Githongo yetu yote isome, pamoja na wale wanaosema mzee amechoka anataka kustaafu. Mimi nistaafu? Sauti hii imetangaza mpira Kigali, Lusaka, Tunis, na kule Kairo ambako refa alikuwa anapewa maji na timu moja tu. Shule niliiacha darasa la saba, lakini nimekula meza moja na mawaziri na hakuna hata mmoja aliyeniuliza cheti. Waliniomba tu niwapigie ile "gooooli" yangu kidogo wasikie.

Shida yangu ni meneja mpya wa kituo chetu cha redio. Ni kijana mzuri, amesoma, anavaa viatu bila soksi. Alinikalisha ofisini akaniambia, "Mzee wetu, hii mambo ya kubeba mitambo hadi uwanjani imepitwa na wakati. Kuna mtu atapiga picha na kamera, wewe utaangalia kwa skrini hapa studioni Kaaga. Mashabiki tutaweka kwa kompyuta."

"Mashabiki utawaweka kwa kompyuta namna gani?"

"Sauti zao, mzee. Ukisema goli nabonyeza hapa, wanashangilia."

Mama Mwenda, alibonyeza. Uwanja mzima ukashangilia ndani ya chumba kisichotosha ng'ombe wawili. Na walikuwa wazungu! Nilijua mara moja, maana hakuna hata mmoja aliyepuliza firimbi wala aliyemtukana refa kwa Kimeru.

Wewe ungewagundua kabla yangu, na hapo ndipo panaponiuma. Hukuwahi kukanyaga uwanjani hata siku moja. Nilikuomba, ukaniambia, "Nikija huko, nani atakusikiliza?" Ulinisikilizia pale kwenye kiwanda cha kahawa, redio imetundikwa kwa msumari, wewe na akina mama wenzako mmekaa juu ya magunia mnachambua kahawa, nyekundu huku, mbichi kule. Nikifika nyumbani, mtu mzima niliyetoka kupigiwa saluti na askari wa lango, unaniwekea sahani ya mukimo halafu unaanza: "Ulisema shuti kali. Lakini watu waliguna tu, Baba Mwenda. Shuti kali watu hawaguni." Hujaona mpira, umeusikia tu, na unanisahihisha! Makocha wenye vyeti vya ng'ambo hawakuwahi kunisumbua hivyo.

Unakumbuka ile mechi ya Kiambere, kule Mbeere karibu na bwawa? Jua la kule si jua, ni mtu mnene amekukalia kichwani. Jukwaa hakuna, nikapanda juu ya trekta. Punda wa maji akaingia uwanjani na mitungi yake, na mimi kwa kuwa ni bingwa sikunyamaza. "Punda anachukua wingi ya kulia! Anampita beki, anampita wa pili, hakuna wa kumkaba! Mshika kibendera anatazama tu, anasema hajaotea!" Ukaniambia jioni kwamba Mama Mutuma, jirani yetu, alicheka mpaka akamwaga debe zima la kahawa iliyokwisha kuchambuliwa, mkaanza upya.

Mtangazaji wa siku hizi punda akiingia atakusomea asilimia. Wanasoma asilimia kama daktari anayesoma sukari ya mgonjwa. Timu imemiliki mpira hivi, imepiga pasi vile. Na nani alifunga? Hajui, anatafuta kwa simu. Muulize mchezaji wa Ulaya amekula nini asubuhi, atakuambia. Muulize yule beki wetu wa kushoto ni mtoto wa nani, anakodoa macho. Mimi nilijua kila mmoja ni mtoto wa nani, na hilo ulinifundisha wewe.

Mutuma, mtoto wa jirani huyo, alipoanza kudakia timu yetu, nilikuwa nafunga kamba za viatu niende kazini. Ukaniambia ukiwa unakoroga uji, hata hukugeuka: "Mtoto akianguka akalala chini, usitaje jina mpaka umwone ameketi. Sema kijana wetu mmoja."

Nikakuuliza, "Sasa si akina mama wote watashtuka?"

"Wacha washtuke wote pamoja kidogo. Ni afadhali kuliko mmoja ashtuke peke yake."

Tangu siku hiyo nimefanya hivyo, na akina mama wa kiwandani walijua. Wakisikia "kijana wetu mmoja", mikono inasimama juu ya kahawa. Wakisikia jina, inaendelea, maana jina ni habari kwamba mtoto ameketi. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo, Mama Mwenda. Hilo lilifundishwa jikoni kwako tu.

Sasa Jumamosi. Vijana wetu wako Embu, mimi niko Kaaga nimefungiwa chumbani najifanya niko Embu. Nimewasalimia watu wa Embu, nimewatania kwa muguka wao wa kutafuna, nimesema jua ni kali, na nje ya dirisha langu mvua inanyesha. Kipindi cha pili krosi ikaja, Mutuma akatoka golini, akagongana na mshambuliaji wao, jitu limejengwa kama nyumba ya mawe. Mutuma akalala. Kamera ikaufuata mpira.

Meneja yuko nyuma ya kioo, ananizungumzia masikioni: "Mtaje! Sema ni Mutuma! Sema hali ni mbaya, watu watapiga simu!"

Nikasema, "Kijana wetu mmoja amelala chini." Nikangoja kamera irudi, nimwone ameketi, nimtaje. Kamera haikurudi. Halafu picha ikaganda kabisa, wachezaji wamesimama mguu mmoja juu kama korongo. Mimi nimenyamaza. Na meneja, kwa kuogopa ukimya, akabonyeza kile kitufe chake.

Watu wakashangilia.

Nilivua vile vya masikioni nikavitupa mezani. Nikasema, "Ndugu wasikilizaji, mimi siko Embu. Niko Kaaga, ndani ya chumba. Hizo kelele ni za mashine. Kijana wetu ameanguka na mimi sioni kama ameinuka. Aliye uwanjani na simu, tafadhali awapigie watu wa nyumbani." Na hapo hapo kengele ya shule ya bweni ya Kaaga ikalia hewani, basi hata asiyeniamini akaamini.

Meneja aliingia jasho likimtoka. "Umetuua, mzee. Umetuua!" Akanipa wiki. Ama nirudi Jumamosi hii, niombe radhi hewani, niseme nilikuwa nafanya mzaha, halafu nikae pale pale niendelee na skrini. Ama kiti changu wapewe wachekeshaji wawili.

Mwenda wetu akanipigia kutoka Nairobi. "Baba, omba tu radhi. Ni maneno tu."

Maneno tu! Nilimsomesha na nini, na mbuzi?

Nilikaribia kukubali, nakwambia ukweli. Bila maikrofoni mimi ni nani? Mzee mwenye kelele kwenye shamba la kahawa. Lakini Jumapili, watu wakitoka kanisani, Mama Mutuma alikuja. Mutuma mzima, kifua kilimbana tu, aliketi dakika ile ile picha ilipoganda. Nilidhani amekuja kunishukuru, nikajiweka sawa kwenye kiti nishukuriwe vizuri. Akakaa, akakataa chai.

"Baba Mwenda, nilisikia 'kijana wetu mmoja', nikashika gunia nikangoja jina. Halafu nikasikia watu wanashangilia. Mtoto wa mtu amelala chini, na uwanja mzima unashangilia. Nilifikiri watu wa Embu wamekuwa wanyama."

Nikammiminia chai aliyokwisha kuikataa. Mimi! Andika hiyo huko, siku niliyomimina chai badala ya kutangaza.

"Uliposema ile kelele ni ya mashine ndipo nikapata pumzi," akasema.

Leo asubuhi nimempa meneja jibu lake, na ni hapana. Nimemwambia nipeleke uwanjani hata kwa mkokoteni nitatangaza, lakini sikai tena chumbani kuwadanganya akina mama. Alinishika mkono kwa heshima, hakuwa mbaya. Halafu akaniuliza, "Mzee, kabla hujaenda, tunaweza kurekodi ile goli yako tubaki nayo?"

"Goli gani? Nani amefunga?"

Alidhani natania. Nimetoka hapo nimekasirika mpaka nikapita kituo cha magari bila kukiona. Miaka yote hii, mvua, vumbi, juu ya trekta, juu ya mapaa ya vyoo, na wanachotaka kubaki nacho ni kelele. Ungekuwa hai ungeniambia nile kwanza, halafu nikasirike nikiwa nimeshiba. Nimejaribu. Chakula cha mtu mmoja hakina chumvi hata ukikiwekea.

Kesho timu yetu inacheza tena Embu, na Mutuma ndiye anadaka. Nitaenda nikae na watu. Nilipomwambia Mama Mutuma, alisema anakuja pia. Nikamuuliza kulikoni, mbona hajawahi kwenda. Akasema, "Nataka nimwone mwenyewe. Lakini utakaa karibu nami unieleze, hata hiyo kuotea sijui ni nini."

Basi kesho nitatangaza mechi nzima, kwa sauti ya chini, kwa mtu mmoja. Na Mutuma akilala, mimi nitafunga mdomo. Mama yake atakuwa anamtazama.

Kaa vizuri huko, mama. Nimekukosa sana.

Mume wako,
Baba Mwenda